Nice na Woga wa Tonge

Agnela, fundi cherehani wa mtaa wa Sakina, alikuwa na jibu lake hata kabla hawajafika kwa daktari wa watoto kule Themi: simu. Tangu Pasaka binti yake Nice, mwenye miaka kumi na mbili, alikuwa akisukuma sahani pembeni, na sketi ya shule sasa ilimning'inia. Kwa mama mtu, chanzo kilikuwa video za wasichana wembamba alizotazama kwenye simu.

“Daktari, huyu anajikondesha makusudi,” alisema kabla hajakaa.

Daktari Sifaeli, mzee mpole wa Kimeru, aliitikia shikamoo ya Nice, akampima uzito, urefu na mapigo ya moyo. Kisha akamgeukia.

“Ukijitazama kwenye kioo, unajionaje?”

“Nimekonda. Sipendi. Hata kwenye netiboli wamenitoa.”

Agnela alimtazama mwanawe kama mgeni.

“Ni chakula gani kinapita bila shida?”

“Uji. Na mtori wa ndizi, ukipondwa sana.”

“Na nyama?”

Nice akashika koo. Polepole habari ikatoka: kwenye sherehe ya kipaimara ya binamu yake, kipande cha nyama kilimkwama, pumzi ikakata. Mjomba akampiga mgongoni, kikaruka hadi kwenye keki. Watu wakacheka.

“Tangu siku ile naona kila tonge litaniua.”

Agnela alikumbuka ile keki. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

“Mwanangu, mbona hukuniambia?”

“Ungeniuliza, mama. Uliniambia ni simu, ukaninyang'anya.”

Daktari akashindwa kujizuia kucheka. Agnela, uso umemwiva kwa aibu, akaitoa simu mkobani na kumrudishia Nice hapo hapo.

“Huu ni ugonjwa kweli, siyo kiburi, na unatibika,” alisema daktari. “Tutampima damu, na atakuwa anaonana na mwanasaikolojia. Nyumbani tuanze na vyakula laini, tuongeze ugumu kidogo kidogo. Msimlazimishe.”

Haikuwa safari nyoofu. Kuna wiki wali ulimshinda, akalia. Lakini uzito ulianza kupanda, na Jumapili moja Nice akajipakulia mwenyewe ndizi nyama, akaikata nyama vipande vidogo kama punje za mahindi, akatafuna, akameza.

“Mama, unanitazama mdomoni.”

“Mimi? Naangalia ukuta.”

“Ukuta uko nyuma yako!”

Agnela akaangua kicheko, na Nice, mdomo umejaa, akamwashiria kwa kidole asubiri, yeye ameze kwanza, halafu naye acheke.