Msalaba wa Mninga

Maseremala wenzake wote wa Keko walimwambia baba: msalaba wa Ijumaa Kuu hautengenezwi kwa mninga. Mninga ni mbao za vitanda vya maharusi, nzito hizo. Lakini baba yangu, Albano, akisema kasema. Mama yangu, Auleria, alikuwa amefariki mwaka ule, na baba alitaka msalaba wa kumkumbuka, tena usioliwa na mchwa.

"Na nani ataubeba?" akauliza shangazi Felicitas.

"Mie."

Tangu mama aondoke, jibu lake ndilo hilo hilo. Nani atachota maji? Mie. Nani atapika? Mie. Shangazi akileta chakula anaambiwa, "Tunajiweza, dada." Mgongo ukawa unamuuma mpaka akiamka anashika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Daktari alishamwonya, akiendelea hivyo randa ataisikia kwa jirani tu. Mie nikawa naogopa: mama kaenda, sasa na baba anajimaliza.

Kwenye Njia ya Msalaba utaratibu wetu unajulikana. Kila kituo anaingia mbebaji mwingine. Tukatoka Keko kwenda Chang'ombe, jua kali, watu wamefunga. Kituo cha tatu zamu ilikuwa ya Didas, akanyoosha mikono apokee. Baba akampita. Cha nne akampita Leonardi.

"We Albano!" shangazi akapaza sauti. "Nchi nzima iko kwenye Ujamaa, we unajilimbikizia mateso peke yako? Bepari mkubwa!"

Watu wakacheka, hata katekista akajificha nyuma ya kitabu. Baba hakucheka. Miguu ilikuwa inamtetemeka.

Kituo cha tano msomaji nilikuwa mie. Sista wa parokia alinichagua, ati aibu initoke. Nikasoma: "Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kuchukua msalaba."

"Sauti, binti! Unawasomea sisimizi?" mtu mmoja akadakia kutoka nyuma.

Nikasoma tena. Baba anatazama mbele tu. Nikasoma mara ya tatu, na sauti ile sijui niliitoa wapi, maana hata kuku wa watu walikimbia.

"Tumesikia, Avelina," katekista akasema. "Endelea."

"Baba hajasikia."

Baba akageuka taratibu na msalaba wake, akanitazama. Nikajua leo nimekwisha.

"Yesu mwenyewe hakukataa, baba," nikamalizia, sasa kwa sauti yangu ya sisimizi.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, halafu Didas, halafu wote. Baba akavuta pumzi, akainamisha bega. Didas na Leonardi wakaingia chini ya mbao.

"Mama yangu!" Leonardi akaguna. "Huu msalaba au kitanda?"

"Taratibu," baba akasema. "Msiukwaruze."

Kuanzia hapo akawa hajui mikono aiweke wapi. Akaiweka nyuma, akaiweka mfukoni, mwisho akalikamata kapu la shangazi. Shangazi akampiga kofi mkononi: "Acha! Sali!" Nikamwona anajifuta macho. Jasho, alisema.

Jioni shangazi akaleta ugali na kisamvu. Baba akafungua mdomo, akaniona ninavyomtazama, akaufunga. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Bwana, Auleria wangu unaye wewe. Na haya mengine nimechoka nayo, yachukue. Amina."

Akala, akaomba aongezewe.

"Jamani," shangazi akasema, "bepari kaongoka."