Sikio la Mama Kavugho

Mtu anayekwaruza kitu ili king'ae, jamani, ana akili timamu kweli? Mama Kavugho alijiuliza hivyo kimoyomoyo, akavuta kigoda na kukaa mbele ya gereji ya Fils, hapo Kampemba. Alikuwa ameleta motokari nyeusi ya marehemu mumewe, Kasereka. Jumamosi motokari hiyo ndiyo ingempeleka Shalom, binti yao wa pekee, kanisani kuolewa. Na leo ni Alhamisi.

Wiki iliyopita Fils aliipaka rangi na vernisi mpya juu yake, ule utando angavu unaoilinda rangi. Iling'aa, lakini ukiinama uliona vinundu kama vya ganda la chungwa. Sasa alikuwa akiisugua kwa msasa laini na maji ya sabuni, na kila mkono wake ulipopita, mng'ao ulikufa, kapo, kile kifuniko cha injini, ikabaki na ukungu.

“Fils, si unaiharibu?”

“Hapana, mama. Ninakata tu vinundu. Kiisha nitapitisha pasta ya kung'arisha na mashini, utajiona mpaka meno.” Akamwonyesha maji yaliyokuwa yakitiririka, meupe kama maziwa. “Hii nyeupe ni vernisi. Ukiona maji nyeusi, ujue nimefika ku rangi. Ni kupaka tena, na Jumamosi itatupita.”

“Vernisi iko mingi?”

Fils alikohoa kidogo. “Iko kidogo, mama.”

Mwingine hapo angeomba Mungu. Lakini Mama Kavugho alikuwa mdadisi tangu tumboni mwa mama yake, kwa hiyo badala ya kuomba alifumba macho akasikiliza. Shaa, shaa, shaa. Sauti kama hiyo aliijua. Miaka thelathini alikuwa ameuza maharage kwa jumla, na hakuwahi kununua gunia bila kuingiza mkono na kuzisikiliza punje zikiteleza, asije akauziwa mawe.

Shaa, shaa, krii.

“Simama. Kuko jiwe.”

Fils alicheka. “Mama, huku si maharage. Msasa njo inalia vile.”

Asiyesikia la mkuu, yanayomfika mnayajua. Akasugua mara mbili zaidi, mpaka mama akainuka na kumshika kifundo cha mkono. Walipofuta maji, palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Kwenye msasa ilikuwa imenata punje moja ya mchanga mwekundu. Ndoo ilikuwa chini, wazi, na kila lori la kwenda Kasomeno lililopita liliitilia vumbi.

Fils hakucheka tena. Alibadilisha maji, akaipandisha ndoo mezani na kuifunika. Kisha akaanza kuusugua ule mkwaruzo polepole, na Mama Kavugho akainama, sikio karibu na kapo, jicho kwenye maji. Yalikuwa meupe. Bado meupe. Kisha uzi mwembamba wa kijivu ukapita.

“Tosha.”

“Alama ingali inaonekana, mama. Unipe mara mbili tu.”

“Tosha, nimesema. Ukitoa jiwe, usitupe na maharage.”

Akaacha. Jioni mashine ilipomaliza kazi, Mama Kavugho alijiona kwenye kapo mpaka meno, kweli.

Jumamosi watu wote walijitazama humo na kurekebisha tai na vitambaa vyao. Ile alama iliyofifia hakuna aliyeiona, ila yeye. Shalom aliwapungia mkono dirishani, motokari ikakata kona, na Mama Kavugho akalia bila aibu.

Jumatatu nyumba ilikuwa kimya mno. Alipika chakula cha watu wawili, akakitazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba uchungu wa mtoto kuondoka ungekuja na ukimya hivyo. Simu ikalia. Ilikuwa Fils.

“Mama, niko na motokari ya mutu hapa. Vernisi yake iko kidogo sana, ninaogopa kuanza. Unaweza kuja kunisikilizia?”

Mama Kavugho alifunika sufuria, akachukua kigoda chake.