Mikono ya Mwosha

Kifo hakikumtisha Bi Mwamvita. Mtaani kwao, pale Tabora, mwanamke akifariki aliyeitwa kumwosha ni yeye, na aliwaosha marehemu kwa upole kuliko wengine wanavyoosha watoto wao. Kilichomtisha ni mikono yake mwenyewe. Tangu aanze vidonge vya moyo, vile vya kupunguza kasi ya mapigo, mikono ilikuwa ya baridi hata jua la Oktoba likiwa utosini. Akimpa mfiwa mkono wa pole, mfiwa anashtuka. Wambeya, ambao hawakosi msibani, wakapata la kusema: marehemu wamemwachia mikono yao. Mwosha huoshwa, wakaongeza, na zamu yake i karibu.

Maneno hayo yalimchoma. Angemweleza daktari, mambo yangeishia hapo. Lakini aliona haya kumsumbua mtu mzima na kazi zake kwa habari ya vidole. Akaacha vidonge kimyakimya. Hazikupita siku nyingi, mikono ikapata joto, naye akafurahi kama mwali. Mdogo wake Asmahani, aliyekuwa akimeza vidonge hivyohivyo, akaambiwa, "Achana navyo, mdogo wangu. Mimi nimepona."

Kisha nyayo zikaanza.

Nyumba yake ilikuwa kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ile itokayo Kwihara, na wazee walishasema kwamba wapagazi waliofia njiani bado wanatembea. Bi Mwamvita alikuwa akiwacheka wazee hao. Sasa, akijilaza mchana kwa ubavu wa kushoto, aliwasikia: watu wengi, miguu pekupeku, wamelemewa na mizigo, wako mbali. Akiinuka kuchungulia, njiani hapana hata kuku. Kila siku walizidi kukaribia. Aliogopa sana, na hakumwambia mtu, maana mtaa ulikwisha kumzika.

Siku alipoitwa kumwosha mke wa fundi cherehani, wapagazi wale walimfuata hadi ndani ya pazia. Alikuwa akimimina maji kwenye bega la marehemu, nyayo zikaanza kukimbia. Jasho likamtoka, kifua kikambana. Akageuka kuwakemea wamstahi maiti, akaanguka na kopo mkononi.

Alizinduka wodini. Muuguzi Josepha akamweleza kwamba moyo uliozoea dawa ile, ukinyimwa ghafla, hutimua mbio na unaweza kumwua mwenyewe.

"Mikono ya baridi tunaijua, mama. Ungetuambia, tungekupunguzia taratibu au kukubadilishia. Lakini kuacha dawa mwenyewe ghafla, hapana."

"Na zile nyayo?"

"Ni mapigo yako. Ukilalia ubavu wa kushoto unayasikia zaidi."

Bi Mwamvita alicheka mpaka machozi, kwa aibu na kwa nafuu. Josepha akaenda kwa wagonjwa wengine.

Jioni Asmahani aliingia na chupa ya uji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Asmahani aliweka uji chini, akanyoosha mikono yote miwili, uso umejaa furaha. "Hebu shika! Nimekusikiliza. Nami nimeacha."

Ilikuwa na joto. Bi Mwamvita, aliyeshika maiti maisha yake yote, hakuwahi kushika kitu kilichomtisha namna ile.

"Josepha!" aliita. "Njoo, mwanangu, njoo upesi!"

Asmahani hakuonekana kusikia. Alikuwa amegeukia dirisha, penye ua mtupu, ametega sikio.

"Dada," aliuliza, "wanakwenda wapi watu wote wale?"