Spika Mbili za Mbao

Mzee Amedeus alihamia Songea kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe, na masikio yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Karibu maisha yake yote alikuwa ameendesha mashine ya kusaga mahindi kijijini Maposeni, mashine ya dizeli ambayo ikiwashwa huwezi kumsikia hata mtu aliyekushika mkono. Alipoiacha, ngurumo yake ilibaki kichwani, na maneno ya watu yakawa yanamfikia nusunusu. Daktari alimweleza kwamba sauti nzito bado anazisikia vizuri, ila zile nyembamba ndizo zinazompotea, na maneno ya watu hutegemea sana zile nyembamba. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku chache, akakirudisha, akisema kinampigia filimbi kama mwamuzi wa mpira.

Binti yake, Hilda, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Thadei, alikuwa karani katika ofisi ya ushirika. Walikaa mtaa wa Matarawe, na mwaka ule biashara huria ilikuwa imekwisha kuujaza mji vitu. Maduka yaliyokuwa yakiuza mafuta ya taa na madaftari sasa yalipanga televisheni mpaka barazani. Na wao walinunua moja. Mzee akawa anakaa mbele yake jioni nzima, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kispika kile kidogo kikikwaruza kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Jirani yao, mama Lidwina, alimwambia Hilda kwa upole kwamba siku hizi hana haja ya kuwasha redio yake, taarifa ya habari anaisikia akiwa jikoni kwake.

Lakini kelele haikumsumbua Hilda kama ule ukimya wa mezani. Wajukuu wakicheka, baba yake huinua macho, akawatazama mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye sahani yake. Siku moja, katikati ya chakula cha mchana, akasema, "Mvua zikianza nitarudi Maposeni."

"Kufanya nini, baba?" Hilda aliuliza, na ikabidi aulize mara ya pili kwa sauti kubwa.

"Kukaa. Kule nikiwa peke yangu, niko peke yangu kweli. Hapa niko peke yangu katikati ya watu."

Nyumba ya Maposeni ilikuwa tupu. Mara ya mwisho baba yake alipokaa kule bila mtu, alianguka uani asubuhi, akaja kuokotwa na mpita njia jua likiwa utosini. Hilda aliondoa vyombo, akaenda jikoni, na Thadei akamfuata.

"Tumtafutie spika," Hilda alisema. "Spika za maana, za kuunganisha na televisheni. Akiweza kukaa nasi akasikia tunachosikia, huenda akili ya kuondoka itamtoka."

Thadei alifurahi kuliko alivyotarajia mkewe. Kumbe alikuwa na yake moyoni. Alikwisha kuiona hom thieta dukani kwa Muhsini, mpya, ndani ya boksi lake, spika ndogo tano na sabufa moja, na taa za bluu zinazocheza. "Jirani akipita tu, atajua hapa kuna kitu," alisema.

"Jirani anajua tayari," Hilda alimjibu.

Jumamosi wakaenda wote watatu. Hilda ndiye aliyeshikilia mzee aende, na ndiye aliyebeba kanda ya video ya harusi yao ndani ya mkoba.

"Kanda ya nini?" Thadei aliuliza njiani. "Dukani wana kanda chungu nzima za kujaribia."

"Hizo siwezi kujua kama zimesikika sawasawa au la. Hii naijua neno kwa neno."

Muhsini alikuwa mtu wa Tunduru aliyeacha biashara ya korosho akaingia kwenye vyombo vya umeme. Vingine alivileta vipya kutoka Dar es Salaam, na vingine vilikuwa mitumba iliyoshushwa bandarini. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwekea kiti katikati ya duka, akawasha ile hom thieta na kanda ya magari na bunduki. Vioo vya kabati vikatetemeka. Watu wawili waliokuwa wakipita barabarani wakasimama mlangoni. Thadei alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Unasikiaje, baba?" Hilda aliuliza.

Mzee alikuwa ameweka kiganja kifuani. "Nasikia mashine ya kusaga," alisema. "Watu wako wapi?"

Hilda akatoa kanda yake. Ilipofika kwenye nasaha za mama yake kwa bibi harusi, sauti ya marehemu ilitoka kwenye zile spika ndogo kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Mzee aliitazama sura ya mkewe, akatikisa kichwa taratibu kwa adabu, kama alivyowatikisia watu wote siku zile.

"Na zile pale?" Hilda alinyoosha kidole nyuma ya kaunta. Palikuwa na amplifaya nzito ya rangi ya fedha na spika mbili za mbao, zilizomfika mtu magotini, moja kitambaa chake kimechanika.

"Mtumba wa Japani huo, mwalimu," Muhsini alisema. "Sikufichi, boksi hauna, na ukiharibika huna wa kumlalamikia zaidi ya mimi. Tena hauna taa hata moja ya kuchezacheza."

"Uwashe."

Thadei aliguna. Muhsini alivuta nyaya kutoka chini ya kaunta, akaunganisha, akapunguza besi karibu yote, akairudisha kanda nyuma.

Mama yake Hilda alikuwa amesimama ukumbini, kilemba kimemkaa vizuri, anacheka kabla hata ya kusema. "Mwanangu," alisema, na safari hii kila neno lilikuja na ncha zake, "mume akikaa kimya usikimbilie kudhani amekasirika. Huyu baba yako alipokaa sana na ile mashine akawa hanijibu. Nikanuna. Nikanuna msimu mzima. Kumbe mwenzangu hasikii! Tangu siku hiyo namgusa bega kwanza, ndipo naongea. Na hajawahi kuacha kunijibu." Ukumbi mzima uliangua kicheko, na pembeni ya picha akaonekana Mzee Amedeus, kijana zaidi kidogo, anapiga makofi kwa vile watu wote wanapiga.

Dukani mzee aliinuka kwenye kiti. Alisogea hadi kwenye spika moja, akainama, kisha akamgeukia Muhsini. "Rudisha," alisema.

Muhsini akarudisha. Mzee alisikiliza tena mpaka mwisho, midomo yake ikifuatisha. Hilda alishindwa kumtazama, akatazama barabarani.

"Kumbe alinisema mbele ya watu wote," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kicheko. "Nami nikapiga makofi." Akawageukia Hilda na Thadei. "Mbona ninyi hamnigusi bega?"

Thadei alimwambia Muhsini afunge zile za mbao.

Walizibeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Thadei alizipanga pande mbili za televisheni, akaunganisha kila waya kama alivyoona dukani, akachomeka kwenye umeme. Kukasikika mlio mdogo, *tak*, kisha harufu ya kitu kilichoungua. Halafu kimya.

Alichomoa, akachomeka tena. Kimya. Mzee, aliyekwisha kukaa tayari kwenye kiti chake, alitazama nyuso zao, akaelewa. "Si neno," alisema, akainuka taratibu kwenda chumbani kwake. Hilda aliitazama ile amplifaya. Bidhaa ya mtumba ikishatoka dukani, nani anairudisha? Thadei naye hakusema lile neno ambalo mume mwingine angelisema, kwamba ile mpya isingeungua. Alivaa viatu tu, akatoka kwenda kwa Muhsini.

Hakufika mbali. Alikutana naye kwenye kona ya kanisa, anakanyaga baiskeli kwa nguvu, nyuma amefunga kisanduku cha chuma chenye nyaya.

"Mmeshachomeka?" Muhsini aliuliza kabla ya salamu.

"Tumeshachomeka."

"Astaghfirullahi. Kosa langu hilo. Yale maneno ya marehemu yalinisahaulisha. Chombo cha Japani kinakula umeme mdogo kuliko wetu, lazima kipitie kwenye transfoma hii. Kule dukani ilikuwa chini ya kaunta, sikuwapa."

Aliingia, akapiga magoti sebuleni, akafungua mgongo wa amplifaya kwa bisibisi. Alinusa. Akaingiza vidole viwili, akachomoa kidude cha kioo kisichozidi tembe ya dawa, ndani kimekuwa cheusi.

"Fyuzi," alisema. "Imekufa yenyewe ili mwenzake apone. Alhamdulillahi."

Aliweka nyingine kutoka mfukoni, akachomeka kupitia transfoma. Taa ndogo nyekundu ikawaka, na sauti ya mtangazaji ikajaza chumba, safi, bila mkwaruzo. Hilda alikaa pale pale sakafuni. Alicheka, kisha akajikuta anajifuta macho kwa upindo wa kanga, na hakujali kwamba mgeni anamwona.

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mzee Amedeus alikuja, akakaa, akasikiliza kwa makini. Kilikuwa kipindi cha kilimo.

"Punguzeni," alisema baada ya muda. "Mtanipasua masikio."

Thadei akapunguza. Muhsini aliletewa chai, akainywa akiwa amesimama, akaaga.

"Huyu bwana anadanganya watu," mzee alisema, akiionyesha televisheni kwa kidole. "Mahindi ya kwetu ukiyapanda kwa nafasi hiyo unavuna majani matupu. Mvua zikianza nitakwenda Maposeni nipande mwenyewe, nimwachie mpwa wangu palizi, nirudi hapa nimsikilize atasema nini tena."

"Mtaalamu huyo, baba," Thadei alisema. "Amesomea."

"Alisomea wapi? Muulize kama amewahi kulima udongo wa Ruvuma."

Wakaanza kubishana. Hilda alichukua ungo na mboga akatoka nje kuchambua, na kutoka uani aliwasikia wote wawili, mkwe na mkwewe, kila mmoja akimjibu mwenzake.