Kiti cha Kumkalisha Mama

Fundi cherehani mmoja walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu; ulimi wake nao ulichoma. Lakini asubuhi ile, alipoingia na mumewe katika duka kubwa la samani, ulimi aliufunga. Alikuwa na hasira tangu siku mama yake mzazi alipoanguka mezani kwao. Mguu wa kiti ulikatika katikati ya chakula, bibi wa watu akaenda chini, nyonga ikavunjika. Kiti kile alikichagua mume, kwa kupenda mng'aro. Sasa mama anatoka hospitali, na hakuna pa kumkalisha.

"Hii hapa!" mume aliita, akipapasa meza nyeusi inayometa kama kiatu cha bwana harusi. "Tazama na viti vyake, mke wangu."

Sindano alikishika kiti kimoja, akakipindua miguu juu. Miguu ilishikizwa kwa pini na matone ya gundi, basi. Akakwaruza ukingo kwa ukucha. Ngozi nyembamba ya mbao ikabanduka, ndani ukamwagika unga wa mbao.

Muuzaji, pande la mtu, akaja mbio. "Mama, hicho ni kiti, si kuku wa kutafutwa yai!"

"Haya, kikalie wewe. Egemea, ujitingishe."

Muuzaji alikitazama kiti, kisha akatazama tumbo lake. "Mimi nimezoea kusimama," alisema.

Mume akamvuta mkewe kando. "Unatuaibisha bwana! Halafu tuseme kweli tu, mama naye ni mzito."

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka.

"Mzito? Mama yangu yuko sakafuni analia, wewe ukainama. Nikasema moyoni, afadhali, anamwinua. Kumbe unaokota sahani! Sahani! Ukazipanga na kuzipanga, mimi navutana na mama peke yangu. Leo unaniambia ni mzito? Kwani ulimbeba lini ukajua uzito wake?"

Sindano akatoka nje, mumewe akamfuata nyuma kama mkia.

Walikwenda kwa seremala wa mtaa wa nyuma. Huko nako Sindano hakumwonea mtu haya. Alitambaa chini ya meza ya kwanza na gauni lake, akatoka na maranda kwenye nywele.

"Huu ufa umeuziba kwa gundi na vumbi la msumeno?"

"Ni mdogo tu, dada."

"Mdogo kwako! Meza yako hiyo, ulie chakula wewe."

Seremala alikuna kichwa, akawaonyesha nyingine iliyokuwa nyuma, nzito, haina nakshi hata moja. Viti vyake vilikuwa na miguu iliyochongwa ndimi na kuzamishwa katika matundu, ikabanwa kisawasawa. Sindano alikalia kimoja, akakiinamisha kwa miguu miwili ya nyuma, akajitingisha kwa hasira zote alizokuwa nazo. Hakikulia.

"Havina mng'aro," mume alinong'ona.

"Ndiyo. Nataka hivi. Na kimoja kiwe na mikono, mama apate pa kushika akiinuka."

Mama alipofika nyumbani, aligoma. Aliegemea fimbo yake mlangoni, akavitazama viti kama mtu anayemtazama mbwa aliyekwisha kumng'ata. "Nipeni chakula changu kitandani, wanangu. Nitakula huko huko."

Mume wa Sindano alivuta kile chenye mikono, akakikalia, akajirusharusha mpaka jasho likamtoka. Kisha akainuka, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Kaa, mama. Nimekishika."

Mama alijishusha polepole. Alipokwisha kutua alipumua. "Haya, toa mikono yako, mkwe wangu. Nataka nione kama chenyewe kinaniweza."

Akaitoa. Mama akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akaanza kunung'unika kwamba chakula kinapoa.

Sindano alimpakulia mama, akajipakulia mwenyewe, kisha akauacha upawa ndani ya bakuli na kuanza kula. Mumewe, aliyezoea kupakuliwa, alingoja kidogo akimtazama. Hakutazamwa. Akanyoosha mkono, akajipakulia.