Vinyama vya Kooni

Bitutu alianza kupoteza sauti akiwa na miaka mitatu. Mama yake, Nyanchama, aliyekuwa mchuma chai kwenye shamba la wazungu huko Kericho, alidhani ni baridi ya mvua. Kufikia Krismasi ya 1970, mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa mlio kama wa filimbi.

Hospitalini daktari aliona vinyama kama chunjua vimejaa kooni. Akavitoa. Bitutu akarudi nyumbani akifukuza kuku kwa makelele, na baba yake, Gekara, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baada ya miezi miwili vikaota tena. Vikatolewa, vikaota. Katikati ya hayo nimonia ikamlaza mara tatu. Mwishowe daktari akamtoboa shingo, akamwekea mrija wa kupumulia. Nyanchama akajifunza kuuosha, na kuuziba kidogo kwa kidole ili mtoto aweze kusema neno moja au mawili.

"Wengine wakikua huisha," daktari alimwambia. "Lakini huyu amezaliwa na mwili usioweza kupigana na ugonjwa. Ulikuwa na mtoto mwingine?"

"Wa kwanza alikufa. Kifua."

Daktari akatazama tumbo lake, lililokuwa na mimba ya miezi mitano.

"Na huyu?" Nyanchama akauliza.

"Sijui, mama."

Mwezi uliofuata vinyama vilikuwa vimeshuka mapafuni.

"Huko siwezi kufika," daktari akasema.

Gekara akakunja mkono wa shati. "Toa damu yangu umwekee. Mimi sijawahi kuugua."

"Haitasaidia, mzee."

Wakamrudisha nyumbani. Siku ya tisa, asubuhi, Bitutu alishika kidole cha mama yake akakivuta shingoni. Alitaka kusema kitu. Nyanchama akaona pumzi ilivyokuwa ndogo, akaogopa kuuziba mrija.

"Baadaye, mama," akambembeleza. "Pumzika kwanza."

Bitutu akavuta tena, kisha akaachilia. Saa sita mchana alikuwa amekufa, na neno lake hakulisema.

Walimzika kwao Kisii. Miezi miwili baadaye Nyanchama akajifungua msichana. Mama mkwe wake, Bonareri, akaja kumpokea mjukuu na kumpa jina la marehemu dada yake, kama desturi ilivyo.

"Usimwite hilo," Nyanchama akasema.

"Basi tumwite nani?"

Nyanchama alikuwa ameweka sikio kifuani pa mtoto, akisikiliza pumzi yake.