Njia ya Gari Ubavuni mwa Baraza

Mama yangu, Bi Saleha, aliacha kutoka nje mwaka uleule tuliohamia nyumba yetu wenyewe Jeddah. Miguu ilikuwa imemlegea tangu alipoanguka bafuni, na madaktari wakamwambia wazi kuwa haitarudi kama zamani. Hilo alilipokea. Alichokataa ni kubebwa.

Tulimbeba mara moja tu, kumpeleka hospitali. Gari lilikuwa barabarani, naye yuko mlango wa uani, mlango wa wanawake ulio ubavuni mwa nyumba. Mimi na shemeji yangu tukamkalisha kwenye kiti cha jikoni, tukamnyanyua, tukapita naye kwenye mchanga mpaka mbele, na huko mbele wanaume walikuwa wamejaa barazani wanakunywa kahawa. Palepale buibui likanasa kwenye mguu wa kiti, likamvuka kichwani. Wale wanaume, Mungu awape kheri, wakageuza nyuso ukutani wote kwa pamoja kama walioamrishwa. Mama akawaona walivyogeuka. Tuliporudi kutoka hospitali alilia, tena si kwa maumivu.

"Sitoki tena, Jabir," aliniambia. "Siku ya kunitoa mtanitoa kwa jeneza, na siku hiyo sitoona haya."

Na Makka iko mwendo wa saa moja na kitu kutoka mlangoni petu! Tangu tulipoikimbia Unguja baada ya mapinduzi, kitu kilichomtuliza mama katika nchi hii ya joto ni kwamba akitamani kuizunguka Kaaba alipanda gari akaenda. Sasa redio ikitoa adhana ya Msikiti Mtukufu alinyoosha mkono akaizima. Mimi nilikuwa naisikia ile swichi ikilia "ta" na moyo unanikata.

Dawa yake ilikuwa rahisi: gari liingie mpaka mlango wa uani, mama atoke ndani, apande, pazia lifungwe, basi. Lakini hapo katikati palikuwa na baraza la baba.

Baba yangu, Mzee Mbarouk, alijenga nyumba ile miaka pesa ya mafuta inamwagika, Jeddah nzima ni saruji na vumbi. Injinia wetu, Mmisri mpole, alimchorea ukuta mrefu mbele kama walivyojenga wote. Baba akautazama mchoro akasema huo ukuta wa jela. Alitaka baraza la saruji kama la kwao Malindi ya Unguja, litoke mlangoni mpaka karibu na kona.

"La nini?" akauliza injinia.

"Mgeni akae kabla hajabisha hodi."

"Na kwa nini akae kabla hajabisha?"

Hawakuelewana mpaka nyumba ikaisha, lakini baraza likajengwa. Baba alilikalia miezi michache, akafariki. Watu wakabaki: wachukuzi wanaotoka Balad, mji wa kale, wamechoka, Myemeni wa duka la kona, Wazanzibari wenzetu kila baada ya alasiri. Hatukuwa na moyo wa kuwafukuza, na mama kila siku alituma birika la kahawa ya tangawizi.

Baina ya baraza na mpaka wa jirani palibaki upana wa gari na kitu kidogo. Nikaenda baladia, ofisi ya manispaa, kuomba kibali cha njia ya gari. Ofisa akaitazama ramani, akaniagizia chai, halafu akanikatalia kwa upole uliozidi kuniudhi. Kanuni ilikuwa kwamba njia ya gari ikae mita mbili kutoka mpaka wa jirani. Yangu ingekaa kwenye mpaka wenyewe.

"Vunja hilo benchi lako," akasema, "nami nitakupa njia hata ya lori."

Benchi! Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nilimeza mate, nikauliza kama hakuna mlango mwingine. Akasema upo. Kamati inaweza kutoa ruhusa maalumu kwa mwenye dharura, ila jirani lazima aridhie kwanza kwa mkono wake.

Nilipomweleza mama habari ya kuvunja, hakuniacha nimalize. "Baraza la baba yako halivunjwi kwa ajili ya miguu yangu. Afadhali nikae ndani." Mke wangu Nunu akanikonyeza ninyamaze, nikanyamaza.

Jirani mwenyewe hatukuwahi kumwona. Kiwanja chake kilikuwa kitupu, kimezungushiwa matofali. Alikuwa mzee wa Riyadh aitwaye Abu Nasir, mmoja wa wale walionunua ardhi Jeddah miaka ile bila hata kuja kuitazama. Nikaomba likizo kazini, Nunu akanifungia halua, nikapanda ndege.

Riyadh nilifikia kwa binamu yangu Soud, anayeuza vitambaa soko la Batha. Soud kazi yake ni kucheka. Aliposikia nilichokifuata akacheka, kisha akanipa nasaha.

"Yule mzee mtu wa jangwani hasa, mtu na heshima zake. Usende ukamrukia na pupa zako za Jeddah. Kaa, kunywa kahawa, tulia."

"Kwani mimi sijalelewa?" nikamjibu.

Kweli nimelelewa, na malezi ndiyo yaliyoniponza. Baba alinifunza kwamba ukienda kwa mtu mzima na haja, huianzi wewe. Unakaa, unamuuliza hali, unamuuliza watoto, unangoja mpaka mwenyewe akwambie, "Ehe, mwanangu, kuna nini?" Ndipo unasema. Anayebwaga haja yake mlangoni ni mtu asiye na kwao.

Abu Nasir alinipokea majlisini kwake, ukumbi wa wageni, kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, jicho moja lina mtoto wa jicho. Akanikalisha karibu yake, nikamiminiwa kahawa chungu yenye iliki, zikaja tende. Nikamuuliza hali. Akaniuliza hali. Nikamuuliza mvua. Akanieleza mvua kwa kirefu. Nikangoja aniulize kilichonileta, hakuniuliza. Chakula kikaja, tukala, nikaaga, akanisindikiza mpaka nje na kunisisitiza nirudi kesho.

Kesho yake ikawa vilevile. Tulimaliza mvua, tukaingia ngamia. Mimi na ngamia wapi na wapi? Lakini nilitikisa kichwa kama mfugaji. Usiniulize nilivyokuwa nikirudi Batha.

"Bado hujasema?" Soud alishangaa.

"Hajaniuliza!"

"Na wala hatokuuliza. Kwao mgeni haulizwi shida yake mpaka zipite siku tatu. Ni aibu."

"Na kwetu ni aibu kuanza mimi."

Soud akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha biashara. Ndivyo tulivyokuwa, mimi na mzee wa watu, tumekaa kwenye zulia moja, kila mmoja anamlindia mwenzake heshima, na mama yangu yuko Jeddah anazima redio.

Siku iliyofuata nilikwenda nimeamua kuvunja adabu. Nikamkuta dalali wa ardhi amekaa mkono wa kulia wa mzee, amevaa saa ya dhahabu, anatoa habari za Jeddah. Akataja mtaa wetu. Akasema viwanja vya pale vimepanda mara tatu na vitapanda tena, na kwamba mwenye kiwanja asikubali jirani amguse hata shubiri moja, maana mnunuzi akiona mpaka una maneno hukimbia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale nilichokijia. Alisema tu, kama watu wanavyosema.

Nikamwona mama kwenye kile kiti cha jikoni, buibui limemvuka, na zile nyuso zilizogeuka. Kikombe kilikuwa mkononi, kimejaa, kahawa haipiti kooni. Nikakiweka chini, juu ya zulia mbele yangu, nikainamisha kichwa.

Majlisi ikanyamaza. Dalali alikata neno katikati. Mtumishi aliyekuwa akimimina akasimama na birika lake hewani. Nikainua macho nikaona wote wananitazama, nikadhani nimetukana nyumba ya watu.

Abu Nasir akanigeukia na lile jicho lake zima.

"Kunywa kahawa yako," akasema. "Ulilojia umelipata."

Sikuelewa hata kidogo. Lakini nilipoambiwa kunywa nilikunywa, kwa woga, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi.

"Sasa tuambie," mzee akasema, "nimekupa nini?"

Watu wakacheka, na mimi ikanitoka yote kwa mkupuo: miguu ya mama, Makka, kiti, mlango wa uani, baraza la baba, mita mbili, kamati. Niliyapanga ovyo kabisa. Dalali aliposikia mpaka akaruka.

"Ewe Abu Nasir, hili litakushushia thamani ya kiwanja! Hukujua anataka nini!"

"Ameshakunywa," mzee akajibu, akaagiza kalamu.

Soud ndiye aliyenieleza jioni ile, tumekaa mlangoni pa duka lake. Kwa watu wa jangwani mgeni mwenye haja kubwa huweka kikombe chini asinywe, na mwenye nyumba akimwambia anywe, amekwisha kumpa, hata kama hajui ni nini.

"Si ungeniambia mapema!" nikamfokea.

"Nilidhani unajua. Miaka yote uko nchi hii, mtu mzima!"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimkumbatia mbele ya wateja wake.

Kamati nayo, nisiifiche haki yake, haikutuweka. Yule ofisa aliyeliita baraza benchi alikuja mwenyewe kupima, akakaa juu yake kupumzika, akanywa vikombe viwili vya kahawa ya mama, akaondoka akisema ameelewa. Ruhusa ikatoka. Tukamwaga saruji kutoka barabarani mpaka mlango wa uani, na Nunu akapanda asumini upande wa ukuta wa jirani. Mama alikuwa akiitazama saruji dirishani ikikauka. Siku zile nilikuwa mtu wa kushukuru kila kitu, hata vumbi.

Kabla hatujamtoa, Abu Nasir akaja Jeddah kukiona kiwanja chake. Sikumwalika yeye kukaa barazani. Alikaa mwenyewe kabla hajabisha hodi, kama baba alivyotaka. Nikawahi nje. Wengine wakampisha wakaenda zao msikitini, tukabaki sisi wawili, na nyuma yetu dirisha la chumba cha mama, vibao vyake vimefungwa nusu. Kahawa ya tangawizi ikaja. Mzee akapokea kikombe, akakinusa, akakiweka chini juu ya saruji.

Hakukigusa tena.

Nikawaza kiwanja, dalali amemrudia. Nikawaza anataka tuuhamishe mpaka, au baraza livunjwe.

"Jabir," sauti ya mama ikatoka nyuma ya vibao, kwa Kiswahili, "mbona mgeni hanywi? Kahawa ina nini?"

"Ana haja, mama. Kaweka kikombe."

Kisha akasema, "Mwambie anywe."

"Mama, hatujui anataka nini!"

"Na yeye alijua weye unataka nini?"

Nikamgeukia mzee. "Kunywa kahawa yako," nikamwambia kwa Kiarabu. "Ulilojia umelipata."

Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho. Halafu akakaa akikizungusha kile kikombe kitupu vidoleni, na nilipomtazama niliona hata lile jicho bovu lina maji.

"Nilikuwa na mama," akasema. "Alikufa kijijini kwetu, kabla ya barabara, kabla ya mafuta. Maisha yake yote aliiomba Makka, na mimi sikuwa na mnyama wa kumpakia. Sasa uani kwangu magari yamepangana, na sina wa kumtia ndani. Naomba mama yako akifika Kaaba amtaje. Hissa binti Ghanim."

Nilimfasiria mama kwa sauti ya chini, neno kwa neno, ijapokuwa Kiarabu anakijua, maana nilitaka muda wa kujikaza. Nilijua alivyoingoja safari ile, alivyojihesabia dua zake mwenyewe, na za baba.

"Mwambie si kumtaja tu," mama akasema mwisho. "Mimi nimekwenda mara nyingi, alhamdulillahi. Umra hii ni ya Hissa. Yangu itafuata."

Abu Nasir akasimama, akaelekea dirishani, akainamisha kichwa mbele ya vile vibao vilivyofungwa.

Tulimtoa mama Alhamisi baada ya alasiri. Nilirudisha gari kinyumenyume mpaka mlango wa uani, asumini ikigusa kioo. Nunu alimsogeza kwa kiti cha magurudumu tulichomnunulia mpaka kizingitini, wakasaidiana wanawake peke yao, akapanda, mapazia yakafungwa. Mimi nilikuwa kwenye usukani nikitazama mbele, namsikia nyuma yangu akilirudia lile jina polepole ili asije akakosea mbele ya Mola wake.

Tulipopita ubavuni mwa baraza, wanaume walikuwa wamekaa na vikombe vyao. Hakuna aliyegeuza uso. Wakainua mikono wakamsalimia, "Safari njema, Bi Saleha, utuombee!" na mama, ambaye mwaka mzima hakuwa amesema na mtu wa nje, akawajibu nyuma ya pazia kwa sauti kubwa kuliko yao.